Ukinzani wa kijenetiki wa nguruwe dhidi ya virusi

Ukinzani wa kijenetiki wa nguruwe dhidi ya virusi ni uwezo ambao nguruwe huzaliwa nao wa kutoambukizwa kirusi fulani, au wa kukizuia kirusi hicho kisizaliane mwilini mwake, kutokana na jeni alizorithi kwa wazazi wake. Uwezo huo hautokani na chanjo wala dawa, na mnyama aliye nao anaweza kuupitisha kwa watoto wake. Kwa sababu hiyo wafugaji na wataalamu wa jenetiki wamejaribu kuzalisha nguruwe wa namna hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya zamani: kuchagua madume na majike wanaofaa, kizazi baada ya kizazi. Ya pili ni ya karne ya 21: kuhariri jeni za kiinitete moja kwa moja.

Magonjwa mawili yametawala kazi hiyo. Wa kwanza ni ugonjwa wa uzazi na upumuaji wa nguruwe, unaojulikana zaidi kwa kifupisho PRRS. Wa pili ni homa ya nguruwe ya Afrika. Matokeo yake ni tofauti kabisa: dhidi ya PRRS kuondoa kipande kidogo cha jeni moja kulitosha kumkinga mnyama, lakini homa ya nguruwe ya Afrika imezishinda mbinu zote za kijenetiki zilizojaribiwa kwa nguruwe wa kufugwa.

Ukinzani na ustahimilivu

Wataalamu hutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Mnyama mkinzani haambukizwi, au akiambukizwa hukizuia kirusi kisiongezeke. Mnyama mstahimilivu huambukizwa na kirusi huongezeka ndani yake, lakini haugui sana wala hapungui uzito. Mfano wa ustahimilivu unaojulikana vizuri barani Afrika ni ng'ombe wa N'Dama wa Afrika Magharibi, ambao huishi na vimelea vya nagana bila kudhoofika kama ng'ombe wengine (ingawa nagana haisababishwi na kirusi bali na tripanosoma).

Kwa mwenye mnyama, hali zote mbili zina faida. Kwa jirani yake ni tofauti. Nguruwe mkinzani hukata mnyororo wa maambukizi. Nguruwe mstahimilivu huonekana mzima, hula vizuri, huuzwa sokoni, na huku anaweza kuwa anatoa virusi kwa mate, kinyesi na damu. Katika eneo ambalo nguruwe huzurura au ambako wachuuzi hupita banda hadi banda, mnyama wa namna hiyo anaweza kuwa hatari kuliko yule aliyekufa. Swali la ni lipi kati ya hayo mawili linalozalishwa ndilo la kwanza kuulizwa katika mradi wowote wa aina hii.

Uteuzi wa kawaida

Wafugaji wamekuwa wakichagua nguruwe kwa ajili ya kukua haraka, unene wa mafuta na idadi ya watoto kwa muda mrefu, na uteuzi huo ni rahisi kwa sababu mambo hayo hupimwa kwa mizani na kuhesabiwa. Ugonjwa haupimwi hivyo. Ili kujua ni dume gani lina ukinzani ni lazima liambukizwe, au ndugu zake waambukizwe, na hakuna mfugaji wa mbegu bora anayetaka virusi ndani ya banda lake. Aidha, mashamba ya mbegu hulindwa kuliko mengine yote, kwa hiyo wanyama wanaochaguliwa huko hawajakutana kabisa na magonjwa ambayo watoto wao watakutana nayo.

Mafanikio ya mwanzo yalikuja dhidi ya bakteria. Katika miaka ya 1990 watafiti nchini Uswisi waligundua kwamba tofauti ndogo katika jeni ya FUT1 huamua kama bakteria wa E. koli aina ya F18 wanaweza kushika kwenye utumbo wa mtoto wa nguruwe aliyeachishwa kunyonya. Baadaye Denmark ilitumia kipimo cha jeni ya MUC4 kwa aina ya F4. Katika visa hivyo mfugaji alihitaji tu sampuli ya tishu na kipimo cha DNA, bila kumwambukiza mnyama yeyote.

Kwa virusi, jitihada kubwa ilikuwa ya muungano wa watafiti wa Marekani na Kanada ulioanza mwaka 2007 kuhusu PRRS. Watoto wa nguruwe waliletwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas kwa makundi ya takriban 200, wakaambukizwa kwa makusudi, kisha damu na uzito wao vikapimwa kwa wiki sita. Mwaka 2012 kundi hilo lilitangaza kwamba sehemu moja ya kromosomu ya 4 inaeleza takriban asilimia 15 ya tofauti za kijenetiki katika wingi wa virusi kwenye damu. Baadaye ilionekana kwamba jeni inayohusika zaidi ni GBP5, inayoshiriki katika kinga ya mwili. Alama ya DNA inayoitambulisha hutumiwa na baadhi ya kampuni za mbegu.

Hata hivyo nguruwe wenye nakala nzuri ya GBP5 bado huambukizwa. Wanabeba virusi vichache na hukua vizuri zaidi kuliko wenzao, basi. Uteuzi wa kawaida unaweza kutumia tu tofauti ambazo tayari zimo katika kundi, na katika mamilioni ya nguruwe wa kisasa hakuna aliyepatikana kwa asili akiwa na ukinzani kamili dhidi ya PRRS.

Ugonjwa wa PRRS na jeni ya CD163

PRRS ulionekana Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kwa muda uliitwa "ugonjwa wa ajabu wa nguruwe", kwa kuwa chanzo chake hakikujulikana. Mwaka 1991 kirusi chake kilitambuliwa huko Lelystad, Uholanzi. Majike hutupa mimba katika siku za mwisho au huzaa watoto wafu na dhaifu, na nguruwe wanaokua hupata homa ya mapafu. Katika baadhi yao masikio hugeuka rangi ya samawati, na ndiyo maana ugonjwa huu huitwa pia "sikio la buluu". Mwaka 2006 aina kali zaidi ililipuka China na kuambukiza nguruwe zaidi ya milioni 2. Nchini Marekani pekee hasara yake ilikadiriwa mwaka 2013 kuwa dola milioni 664 kwa mwaka.

Chanjo zipo tangu miaka ya 1990, lakini kirusi hiki ni cha RNA na hubadilika upesi mno. Kuna spishi mbili, moja iliyogunduliwa kwanza Ulaya na nyingine Amerika ya Kaskazini, na ndani ya kila moja kuna aina nyingi. Chanjo inayofaa dhidi ya aina moja huenda isifae dhidi ya nyingine.

Kirusi cha PRRS hushambulia makrofaji, yaani seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Ili kiingie kinahitaji mlango. Kwa miaka kadhaa iliaminika kwamba mlango huo ni protini ya CD169 iliyo juu ya makrofaji. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walitangaza kwamba walizalisha nguruwe wasio na protini hiyo, wakawaambukiza, na nguruwe wakaugua kama kawaida. Macho yakageukia protini nyingine, CD163, ambayo mwaka 2007 ilikuwa imeonyeshwa kwamba ikiwekwa katika seli zisizoambukizwa, seli hizo huanza kuambukizwa.

Kundi la Missouri likiongozwa na Randall Prather, pamoja na Raymond Rowland wa Kansas, lilitumia mbinu ya CRISPR kuvuruga jeni ya CD163. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016: nguruwe waliohaririwa waliwekwa chumba kimoja na wenzao wa kawaida na wote wakapewa kirusi. Wa kawaida waliugua. Waliohaririwa hawakuonyesha dalili, hawakuwa na virusi katika damu, na hawakutengeneza kingamwili dhidi yake, ishara kwamba kirusi hakikuingia kabisa.

Palikuwa na tatizo moja. CD163 haipo mwilini kwa ajili ya kirusi, bali husafisha hemoglobini inayomwagika katika damu chembe nyekundu zinapopasuka, na pia hushiriki katika kutuliza uvimbe. Je, ni salama kuiondoa yote? Taasisi ya Roslin ya Uskoti, ile ile alikozaliwa kondoo Dolly mwaka 1996, ilichukua njia ya uangalifu zaidi. Protini ya CD163 imeundwa na vipande tisa vinavyofuatana kama shanga kwenye uzi, na kirusi hushika kipande cha tano. Watafiti wa Roslin, akiwemo Christine Tait-Burkard na Alan Archibald, waliondoa sehemu ya jeni inayotengeneza kipande hicho tu, wakaacha nyingine zote. Nguruwe walizaliwa wakiwa na CD163 fupi kidogo lakini inayoendelea kusafisha hemoglobini. Taarifa za mwaka 2017 zilionyesha kwamba makrofaji zao hazikuambukizwa katika maabara, na mwaka 2018 ikathibitishwa kwa nguruwe wenyewe waliopewa kirusi.

Jaribio jingine la Missouri lilitoa fundisho la pekee. Badala ya kuondoa kipande cha tano, lilikibadilisha kwa kipande kinachofanana nacho kutoka protini ya binadamu. Nguruwe hao walikinzana na spishi ya kirusi ya Ulaya, lakini ile ya Amerika ya Kaskazini iliwaambukiza. Kwa hiyo spishi hizo mbili hazishiki mlango kwa namna ileile, na kuondoa kipande chote ni imara kuliko kukirekebisha.

Kutoka maabara hadi kundi la mbegu

Mnyama mmoja aliyehaririwa si mbegu. Kampuni ya PIC, tawi la kampuni ya Genus ya Uingereza, ilichukua wazo la Roslin na kulifanyia kazi katika koo nne za nguruwe wake bora. CRISPR huingizwa katika yai lililotungishwa, kisha kiinitete hupandikizwa kwa jike mlezi, na baada ya siku 114 (wafugaji hukumbuka: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu) watoto huzaliwa. Wengi wao huwa mchanganyiko, baadhi ya seli zikiwa na badiliko na nyingine hazina. Hao huzalishwa tena, na katika vizazi vinavyofuata DNA yote husomwa ili kuwatupa wale wenye mabadiliko ambayo hayakukusudiwa.

Ukinzani huu hufuata kanuni za Mendel na ni wa kufichika: nguruwe anahitaji nakala mbili zilizohaririwa, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja huambukizwa kama nguruwe yeyote. Hilo lina matokeo makubwa ambayo mara nyingi hayasemwi katika habari za magazeti. Kampuni kubwa huzalisha kwa ngazi, ambapo kundi dogo la mbegu huzaa kundi la kuongezea idadi, na hilo huzaa nguruwe wa nyama, kwa hiyo inaweza kuhakikisha kwamba madume na majike wote wana badiliko. Mfugaji mdogo anayeazima dume kwa jirani hana uwezo huo. Akinunua dume lililohaririwa na kulipandisha kwa majike yake ya kienyeji, watoto wote watakuwa na nakala moja, na hakuna hata mmoja atakayekuwa mkinzani.

Idhini ya serikali ilichukua miaka. Colombia na Brazil zilitangulia kuamua kwamba nguruwe hao wachukuliwe kama nguruwe wa kawaida, kwa kuwa hawana DNA ya kiumbe kingine. Nchini Marekani badiliko la makusudi katika DNA ya mnyama husimamiwa kwa sheria za dawa za mifugo, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ilitoa idhini tarehe 30 Aprili 2025. Hakuwa nguruwe wa kwanza kubadilishwa jeni kuruhusiwa kwa chakula nchini humo: mwaka 2020 iliidhinishwa aina isiyo na sukari ya alfa-gal, ambayo husababisha mzio kwa baadhi ya watu. Lakini alikuwa wa kwanza kuidhinishwa kwa ajili ya ukinzani dhidi ya kirusi. Idhini ya Marekani peke yake haimalizi kazi, kwa sababu nyama ya huko huuzwa kwa wingi Meksiko na Japani, na mfugaji hawezi kupokea mbegu ambayo nyama yake itakataliwa na mnunuzi.

Homa ya nguruwe ya Afrika

Ugonjwa huu ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza nchini Kenya na R. Eustace Montgomery katika taarifa ya mwaka 1921, baada ya nguruwe walioletwa na walowezi kutoka Ulaya kufa karibu wote. Tangu hapo umeenea: Ureno mwaka 1957, Georgia mwaka 2007, China mwaka 2018. Hauambukizi binadamu, lakini katika banda lisilo na kinga unaweza kuua karibu kila nguruwe ndani ya siku chache. Hauna tiba. Vietnam iliidhinisha chanjo mwanzoni mwa miaka ya 2020, lakini nchi nyingi bado hazina chanjo inayokubalika.

Kwa wenyeji wa Afrika Mashariki jambo la kushangaza liko porini. Ngiri na nguruwe-mwitu wameishi na kirusi hiki tangu zamani bila kuugua. Ngiri wachanga huumwa na papasi waliomo katika mashimo wanamolala, virusi huonekana katika damu yao kwa muda mfupi, kisha hujificha katika tezi. Papasi wengine hunyonya damu hiyo na kuendeleza mzunguko. Nguruwe wa kufugwa, ambaye ni ndugu wa mbali wa ngiri, hufa.

Tofauti hiyo iliwafanya watafiti wa Roslin kulinganisha jeni za wanyama hao wawili. Walipata kwamba protini ya RELA, inayoongoza mwitiko wa kinga, hutofautiana kati ya ngiri na nguruwe kwa asidi amino tatu. Kwa kuwa nguruwe mwenye homa hii huuawa zaidi na kinga yake mwenyewe inayowaka kupita kiasi, ilidhaniwa kwamba RELA ya ngiri ingeituliza. Nguruwe waliohaririwa ili wawe na RELA ya ngiri walizaliwa, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba dalili zilichelewa kidogo na virusi katika damu vilipungua, lakini nguruwe hawakupona. Nguruwe wasio na CD163 nao walijaribiwa mwaka 2017, wakaugua kama kawaida.

Sababu moja ya ugumu ni kirusi chenyewe. Ni kikubwa, kina DNA yenye jeni zaidi ya 150, na huingia katika makrofaji kwa njia zaidi ya moja. Ukifunga mlango mmoja, mingine ipo.

Njia ya uteuzi wa kawaida nayo ilipimwa. Katika wilaya ya Angónia, kaskazini-magharibi mwa Msumbiji, nguruwe wengi wa vijijini walikutwa na kingamwili dhidi ya kirusi, yaani waliambukizwa wakapona. Ikadhaniwa kuwa wana ukinzani wa kurithi. Baadhi walinunuliwa, wakawekwa karantini na kuzalishwa hadi wakapatikana watoto 105. Watoto hao walipoambukizwa, wote isipokuwa mmoja waliugua na kufa. Watafiti walihitimisha katika taarifa ya mwaka 2004 kwamba uwezo wa wazazi haukurithiwa, au haungeweza kujitokeza katika mazingira ya jaribio. Nguruwe wanaoonekana wazima huku wakiwa na virusi wamekutwa pia mpakani mwa Kenya na Uganda, na hakuna uthibitisho kwamba jeni ndizo zinazowalinda.

Jambo hili linagusa wafugaji wengi. Uganda, magharibi mwa Kenya na nyanda za juu kusini mwa Tanzania zina maelfu ya kaya zinazofuga nguruwe wawili au watatu kwa ajili ya karo za shule na mahitaji ya dharura, na biashara ya kitimoto mijini huwategemea hao. Mlipuko ukisikika, wengi huuza haraka kabla nguruwe hawajafa, na mauzo hayo ndiyo hueneza kirusi. Kinga inayotumika hadi sasa ni ya banda: kuwafungia nguruwe, kuchemsha makombo kabla ya kuwalisha, kutoruhusu wachuuzi kuingia, na karantini. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao Nairobi, hutumia CRISPR kwa ugonjwa huu pia, lakini kwa kuhariri jeni za kirusi ili kutafuta chanjo. Upande wa sheria, Kenya ilitoa miongozo ya uhariri wa jeni mwaka 2022.

Hoja zinazobishaniwa

Wanaounga mkono uhariri husema kwamba unapunguza mateso ya wanyama na matumizi ya antibiotiki, kwa sababu nguruwe mwenye PRRS hushambuliwa pia na bakteria. Wanaopinga husema kwamba magonjwa ya aina hii hustawi pale nguruwe wanaposongamanishwa kwa maelfu, na kwamba nguruwe mkinzani huenda akawa kisingizio cha kuwasongamanisha zaidi. Hoja zote mbili zina ukweli, na hazipingani kama zinavyowasilishwa: PRRS huingia pia katika mashamba madogo na yenye nafasi.

Kuna pia swali la umiliki. Mbinu za CRISPR na nguruwe waliotokana nazo zinalindwa kwa hataza, na mbegu zake ziko mikononi mwa kampuni chache. Swali jingine ni kama kirusi kitabadilika. Kubadili umbo ili kukwepa kingamwili ni jambo jepesi kwa kirusi cha PRRS. Kupata mlango mpya kabisa ni kugumu zaidi, lakini kadiri nguruwe wakinzani wanavyofugwa pamoja na wasio wakinzani, kirusi kinapata nafasi ya kujaribu.

Virusi vingine

Kirusi cha korona kinachosababisha kuhara kwa TGE, ambacho huua watoto wa nguruwe walio chini ya wiki mbili, hutumia protini ya ANPEP kuingia katika seli za utumbo. Nguruwe wasio na protini hiyo hawakuambukizwa katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019, ila waliambukizwa na kirusi cha PED kilicho ndugu yake. Mwaka 2020 watafiti wa China walitangaza nguruwe wasio na CD163 wala ANPEP, wenye ukinzani dhidi ya PRRS na TGE kwa pamoja. Kuhusu homa ya kawaida ya nguruwe, ambayo licha ya jina lake haina undugu na ile ya Afrika, watafiti wa Uingereza walieleza mwaka 2025 kwamba nguruwe waliohaririwa jeni ya DNAJC14 hawakuugua walipopewa kirusi. Protini hiyo hiyo huhitajiwa na kirusi cha kuhara cha ng'ombe, BVD, kilicho katika jenasi moja.